Mkanda wa Harusi na Kesi ya Pilau

Katika ukoo wa mume wangu ipo kesi ambayo haijawahi kufika kwa mjumbe, lakini husikilizwa kila Idi, kila arobaini na kila panapochinjwa kuku: nani alimaliza pilau siku ya walima yetu, mwaka 1996, nyumbani kwa wakwe zangu Magomeni?

Upande wa mashtaka unaongozwa na mama mkwe. Yeye anasema pilau ilipikwa ya kutosha mtaa mzima, masufuria yalijaa pomoni, ila ndugu zangu wa Tanga waliteremka kwenye basi wakaenda moja kwa moja mkekani, na walipoinuka majirani wa Magomeni wakabaki wanatazamana. Upande wa utetezi, yaani mimi na mashangazi zangu, tunasema basi la kina shangazi lilipata pancha Chalinze, wakafika alasiri imeshapoa, wakakaribishwa ukoko. Shangazi yangu mkubwa hadi leo akitajiwa Magomeni huuliza, “Kule kwenye ukoko?”

Kesi ingeshakwisha zamani, maana ushahidi upo. Siku ile mpiga video alizunguka kutwa nzima na kamera kubwa ya begani, zile zilizokuwa zinameza mkanda mzima wa VHS, na nyuma yake kijana ameshika taa ya kuchoma macho. Alianza na ndoa iliyofungwa asubuhi kwa mjomba wangu Ilala, akahamia Magomeni kwenye walima, hakubakiza kitu.

“Mkanda upo!” mama mkwe husema, akipiga goti lake.

“Kama upo, tuuangalie!” shangazi humjibu.

Hapo kesi huahirishwa, kwa sababu deki ya nyumba ile ilikufa siku nyingi na hakuna anayekumbuka mkanda uliangaliwa lini mara ya mwisho.

Mwaka huu, baada ya Idi, baba watoto akasimama mbele ya ukoo akatangaza kwamba mikanda yote ataihamishia kwenye kompyuta, yeye mwenyewe, kwa mikono yake. Niseme wazi: mume wangu ni mhasibu kwa kazi na fundi kwa imani. Pasi aliyoitengeneza ilipiga shoti nyumba nzima, na feni aliyoifungua imebaki na skrubu tatu ambazo anasema kiwanda kiliziweka za ziada. Lakini mama yake alishanyanyua mikono kumwombea dua, na mtu aliyeombewa dua na mamaye harudishwi nyuma na mkewe.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na tranka la mama mkwe liko mvunguni kabisa, limegusa ukuta. Lilipovutwa likatoa harufu ya dawa ya nondo. Juu kulikuwa na doti za khanga ambazo hazijakatwa, chini yake hati ya nyumba na kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana wajukuu, na chini kabisa, mikanda.

Vijana waliokuja kushuhudia hawakuelewa kwa nini wakubwa walipiga vigelegele. Hawajui mikanda ile ilikuwa na hadhi gani. Kampuni ya JVC ya Japani iliutoa mfumo wa VHS mwaka 1976, wakati ambao Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo, mwenye TV na deki ndiye aliyekuwa kituo. Sebuleni kwake zilipita filamu za Kihindi na za karate, na zikiisha, harusi. Harusi ya mtu usiyemjua ukoo wala kabila iliangaliwa mpaka mwisho, na watazamaji wakatoa hukumu juu ya gauni.

Marehemu baba mkwe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa karani bandarini, na hakuna kitu nyumbani kwake kilichokosa lebo. Mkanda wetu ulikuwa umeandikwa kwa wino mweusi, HARUSI, na chini yake kwa kalamu ya risasi, herufi ndogo, “Mwl.”

“Mwali,” akasoma baba watoto. “Si unaona, mzee alikukumbuka.”

Nilifurahi kusikia hivyo. Mama mkwe akaguna.

Nikaugeuza mkanda kwenye mwanga. Kupitia kidirisha chake, kingo za utepe zilikuwa na unga mweupe.

“Poda hiyo,” mama mkwe akasema. “Niliweka dawa ya nondo.”

Haikuwa poda wala dawa. Ulikuwa ukungu, ule unaoshika viatu vya ngozi na mabegi wakati wa masika. Utepe wa VHS ni plastiki nyembamba yenye upana wa milimita 12.7, imepakwa unga wa sumaku ulioshikwa kwa gundi. Joto la Dar es Salaam na unyevu wa baharini, ndani ya tranka lisilopitisha hewa, ni mahali pazuri sana kwa kuvu kustawi. Mikanda iliyokuwa juu ilisalimika. Wa harusi, uliokuwa umelala chini kabisa, ndio ulioliwa kingo.

Baada ya mikanda ikaja shida ya deki. Kampuni ya mwisho duniani kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha Julai 2016, kwa hiyo deki yoyote utakayoipata leo imeshazeeka. Ya shemeji yangu ilipatikana stoo, imewekewa ndoo ya mchele juu. Ilipofunguliwa, mipira yake ya kuzungushia ilikuwa imeyeyuka, inanata vidoleni, na mjusi alikuwa ametaga ndani. Baba watoto akaenda Kariakoo akarudi na nyingine ya mtumba, ambayo muuzaji aliapa kwamba ilikuwa ya daktari wa Dubai aliyekuwa akirekodia taarifa ya habari tu. Ilipochomekwa ikawasha taa. Kwa mume wangu, kitu kinachowasha taa ni kizima.

Runinga yetu bapa haina yale matundu matatu ya rangi, kwa hiyo TV ya chogo ikateremshwa kutoka juu ya kabati la mama mkwe, ikapanguswa, ikawekwa kwenye stuli. Deki ikaunganishwa nayo, na pia na kompyuta mpakato ya kitinda mimba wetu, kupitia kidude cha kunasia picha kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Waya wa njano hupeleka picha, mweupe sauti ya kushoto, mwekundu sauti ya kulia. Baba watoto alizipanga kwa namna yake, kukawa na giza na mngurumo. Kitinda mimba akazipanga upya baba yake alipokwenda kuswali, na aliporudi akaambiwa mashine imepata moto.

Mkanda wa kwanza kujaribiwa ulikuwa wa wifi yangu, aliotutumia akiwa Marekani. Wifi akaonekana hana rangi, anapanda juu ya kioo na kushuka bila kupumzika.

“Maskini mwanangu,” mama mkwe akasema. “Hayo ndiyo maisha ya ughaibuni.”

Tatizo halikuwa wifi. Marekani walitumia mfumo wa NTSC wenye mistari 525 kwa kila picha, na sisi huku tulifuata PAL yenye mistari 625. Deki ya mfumo mmoja haiwezi kusoma mkanda wa mwenzake mpaka iwe imeundwa kwa mifumo yote miwili. Wifi akawekwa pembeni, ikaingia harusi ya shemeji.

Hiyo ilitoka safi, chereko na vigoma, watu wakakaa kitako. Kosa likajificha kwenye faili. Tulipoicheza kwenye kompyuta, mwanzoni sauti na midomo vilikwenda pamoja, kisha sauti ikaanza kubaki nyuma. Shekhe akauliza, shemeji akafumbua na kufumba mdomo bila sauti, watu wakampa mkono, haluwa ikazungushwa, na alipokuwa anatafuna kipande cha pili ndipo ikasikika, “Nimekubali.”

“Huyu tangu utoto mzito kujibu,” mama yake akasema.

Mkanda wa zamani hautembei kwa mwendo mmoja. Hapa unavuta, pale unalegea. Kidude cha bei rahisi kikishindwa kuishika picha huiruka, huku sauti ikiendelea na safari yake, na kadiri mkanda unavyosonga ndivyo viwili hivyo vinavyoachana. Shemeji hakuyataka maelezo hayo. Aliondoka akisema amedhalilishwa.

Jaribio lililofuata likakatika shemeji akiwa ndiyo kwanza ameketi kitini. Flashi ilikuwa ya GB 64 na bado ilikuwa na nafasi tele, lakini ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa FAT32, na mfumo huo hauruhusu faili moja kuvuka GB 4. Video ya kiwango cha DVD hula GB mbili hadi nne kwa saa, na mkanda wa E-180 una saa tatu. Mume wangu anayeshinda akijumlisha fedha za watu hakuijumlisha hesabu hiyo. Flashi ikapangwa upya kwa mfumo wa exFAT, kazi ikaanza tena, ikaenda vizuri mpaka luku ilipokwisha. Aliyetumwa kununua umeme alikuwa shemeji, na shemeji alikuwa amesusa.

Hayo yote yangekuwa ya kuchekesha tu kama mume wangu asingekosa subira. Nilimwambia mkanda wenye ukungu usiingie kwenye deki kabla haujaonwa na fundi. Mama mkwe pia alisema tungoje. Usiku mmoja tukiwa jikoni tukasikia muziki tunaoujua. Tulipokimbilia sebuleni tukakuta ua waridi linajizungusha kwenye kioo, jina langu na la mume wangu ndani ya kopa jekundu, kisha kopa likapasuka mistari, na zikafuata chenga tupu.

“Hedi imechafuka,” baba watoto akasema kwa sauti ya daktari wa zamu.

Akabonyeza kitufe cha kutolea mkanda. Deki ikanguruma, ikagoma kuutapika. Akabonyeza tena. Ukasikika mlio mkavu, na kila aliyewahi kuishi na deki akajua imekula mkanda. Ulipotolewa kwa kisu cha mezani, utepe ulikuwa umejisokota nje ya ganda lake kama matumbo ya kuku, na karibu na mwanzo wake ulikuwa umekatika.

Mama mkwe aliketi chini. Mume wangu akaanza kutafuta mkasi na selotepu. Mkasi aliupata. Selotepu hakuipata, kwa kuwa nilikuwa nimeikalia.

Asubuhi tukaenda Gerezani, kwa fundi mmoja mzee mwenye banda lenye upana wa mlango, TV za chogo zimepangwa mpaka kwenye bati. Tulimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, akachukua mkanda, akauinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

“Nani kaufungua huu?”

“Mashine,” mume wangu akajibu.

Fundi akacheka. Kisha akatuambia mambo ambayo yangetufaa mapema. Picha ya VHS huandikwa kwa mistari ya mshazari, na vichwa vinavyoisoma vimefungwa kwenye kipipa kinachozunguka mara 1,500 kwa dakika. Nafasi ya kusomea kwenye kila kichwa ni ndogo kuliko jicho linavyoweza kuona, na chembe moja ya ukungu inatosha kuiziba. Mkanda mchafu ukiingia, unachafua deki. Deki iliyochafuka inauambukiza mkanda safi unaofuata. Ndiyo maana yeye ana deki moja ya wagonjwa, na ya pili hairuhusiwi kugusa mkanda ambao haujasafishwa. Akatuonya pia juu ya vile vijiti vya pamba vya masikioni: nyuzi zake hukwama kwenye vichwa na kuving'oa. Vichwa husafishwa kwa spiriti safi na ngozi laini, kwa kufuata mzunguko wa kipipa, kamwe si kwa kusugua juu na chini.

“Na selotepu?” nikauliza, nikimtazama mwenzangu.

“Selotepu ni sumu. Gundi yake hutoka ikaganda kwenye hedi. Kuna tepu yake maalumu ya kuungia, na ukishaunga, unapita pale mara moja, unahamisha picha, basi.”

Akafungua skrubu tano za ganda, akatoa magurudumu yake mawili, akayaweka juani? La hasha! Akayaweka ndani, kwenye hewa kavu, ukungu ukauke kwanza, ndipo aupanguse utepe polepole huku akiuzungusha kwa mkono. Baadaye magurudumu yakahamishiwa kwenye ganda jipya alilolitoa kwenye filamu ya karate iliyokwisha kazi. Kabla ya kulitupa ganda la zamani, akaligeuza upande wa mgongo, akaweka kidole kwenye kona.

“Mpiga video wenu alikuwa mtu makini. Alivunja kijino hiki ili mtu asirekodi juu ya harusi. Lakini hapa pamezibwa selotepu.”

“Ya kuzuia vumbi hiyo,” mume wangu akasema.

Fundi akanitazama mimi, kisha akatazama selotepu, akanyamaza.

Tukakubaliana aje Magomeni Jumapili na vifaa vyake: deki yake safi inayosoma PAL na NTSC, na mashine ya kurekodia DVD ambayo huiweka katikati ya deki na kompyuta ili iitulize picha kabla haijanaswa. Akatueleza kwamba kazi hii haina njia ya mkato. Mkanda wa saa tatu huhamishwa kwa saa tatu, na mtu anaukagua muda wote. Mama mkwe aliposikia hivyo akaona hakuna haja ya kungoja faili. Akaitisha ukoo wote ukae mbele ya TV ya chogo wakati mkanda unahamishwa, upande wa mashtaka na upande wa utetezi, kesi imalizike.

Shangazi mkubwa alipanda basi la alfajiri kutoka Tanga. Aliingia Magomeni kabla ya saa saba mchana, akasimama mlangoni, akasema, “Leo nimewahi.” Mama mkwe alikuwa amepika pilau. Masufuria yaliwekwa ukumbini, yamefunikwa, kila mtu ayaone.

Ua waridi likazunguka, kopa likatokea. Kwenye kiungo cha fundi picha iliruka kidogo, ikatulia, na mjomba wangu wa Ilala, aliyefariki zamani, akatoka mlangoni kwake akifunga kifungo cha kanzu. Vijana wakawa wanauliza, “Yule nani? Na yule mwenye kofia?” Mama mkwe na shangazi wakawa wanajibu kwa zamu, na pale mmoja aliposahau jina, mwenzake alilikumbuka. Fundi akamwashiria kitinda mimba arekodi majibu kwa simu, kila jina na dakika yake. Bwana harusi alipotokea, ana kiuno, watoto wake walikataa kuamini.

Kisha kamera ikafika Magomeni. Uwanja ukajaa mikeka. Moshi, kuni, wapishi wamejifunga khanga kifuani, masufuria yamepangwa.

“Hesabuni!” mama mkwe akaamuru.

Watu wakahesabu kwa sauti. Shangazi akapinga moja, akidai lile lilikuwa la maji. Kwenye kona ya kioo saa ya kamera ilionyesha saa tisa na dakika arobaini alasiri, na basi la Tanga lilikuwa bado halijatokea. Shangazi akaanza kupiga vigelegele. Mpishi akashika mfuniko wa sufuria la kwanza, akauinua, mvuke ukatoka, kamera ikasogea kuchungulia.

Mistari ikapita kiooni. Tukaona Barabara ya Pugu.

Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, wengine juu ya miti na mapaa, wanawake wameshika vichwa. Gari lilikuwa likija polepole na jeneza lililofunikwa bendera ya taifa. Ilikuwa Oktoba 1999. Mwalimu Nyerere alifariki London tarehe 14 mwezi huo, na nchi nzima ilikuwa imetoka kumpokea.

Hakuna aliyesema neno mpaka fundi alipouliza kama apeleke mbele. “Acha,” mama mkwe akasema. Akaitazama ile lebo iliyokuwa mezani, akaisoma upya, akaisukuma mbele ya mwanawe. Baba watoto akaisoma naye. Nami nikajua sikuwa mimi niliyeandikwa pale.

Mama mkwe akakumbuka yote. Wiki ile mzee hakutoka mbele ya TV. Alitaka kurekodi, akatuma mtoto dukani, mtoto akarudi na jibu kwamba mikanda mitupu imekwisha. Mzee akafungua kabati. Alichukua selotepu aliyokuwa akifungia bahasha za ofisi. Hakumwambia mtu.

“Alichagua,” mama mkwe akasema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake.

Tuliangalia zaidi ya saa nzima. Watoto waliozaliwa baada ya msiba ule walikaa kimya kuliko walivyokaa kwenye harusi ya wazazi wao. Nikawaza jinsi mambo yanavyojipanga: Mwalimu, ambaye katika utawala wake wote Bara haikuwa na televisheni, alikuwa amelala kwenye mkanda wetu kwa sababu ya televisheni, juu ya pilau yetu.

Kitinda mimba akauliza kama kuna programu ya kuirudisha harusi iliyofunikwa. Baba watoto akafungua mdomo kujibu kwamba ipo, fundi akamuwahi. Deki inaporekodi, alisema, mkanda hupita kwanza kwenye kichwa cha kufutia, ambacho hupangusa upana wote kabla picha mpya haijaandikwa. Chini hakubaki kitu cha kurudishwa.

Mtangazaji alikatika katikati ya sentensi. Mzee alikuwa amezima, na kwa kuwa kilichobaki mbele hakikuguswa, harusi ikarudi pale pale ilipokuwa imefika. Kijana anapita na birika na beseni, watu wananawa. Masinia yote matupu. Shangazi yangu mkubwa amekaa mkekani, ana kijiti mdomoni. Pembeni yake kaka wa mama mkwe analegeza mkanda wa suruali.

Ukumbi ulilipuka. Upande wa mashtaka ukasimama ukionyesha kijiti. Upande wa utetezi ukasimama ukionyesha suruali. Fundi aliombwa kusimamisha picha, akaisimamisha, na kila upande ukaona kile ulichotaka kuona, isipokuwa dakika zenyewe ambazo pilau ilikuwa ikiliwa.

Mama mkwe akainua mkono. “Mzee hakupenda ugomvi wa chakula,” akasema. “Kesi imefutwa, na aliyeifuta ni mwenye nyumba. Pakueni.”

Shangazi alipakuliwa wa kwanza, sinia la juu, lisilo na ukoko.

Ubishi mpya ukaanza wakati wa chai. Shemeji, ambaye alikuwa amesharudi, alitaka sehemu ya Mwalimu ikatwe iwe faili lake, harusi iunganishwe. Mama mkwe akakataa mkanda wa mumewe usikatwe. Fundi akawapatanisha: faili la kwanza huachwa zima kama lilivyotoka kwenye mkanda, halihaririwi kamwe, na anayetaka vipande hukata kwenye nakala. Akashauri pia nakala ziwe tatu, na angalau moja ilale nyumba nyingine, maana moto na mwizi hawachagui. Moja sasa iko Magomeni, moja kwetu Tabata, ya tatu shangazi aliondoka nayo kwenda Tanga. Kwenye grupu la ukoo tulituma kipande kifupi tu. Huko WhatsApp video hubanwa ikapoteza ubora, kwa hiyo hapafai kuwa ghala.

Kwako msomaji uliye na mikanda mvunguni, nina maneno machache. Hifadhi ya Taifa ya Filamu na Sauti ya Australia iliutaja mwaka 2025 kuwa ukomo wa mikanda ya sumaku, kwa sababu deki, vipuri na mafundi wanaozijua vinakwisha kabla ya mikanda yenyewe. Itoe mikanda yako kwenye tranka, uiweke wima mahali pakavu. Yenye unga mweupe itenge, usiiingize kwenye deki yoyote. Tazama mgongo wa kila ganda: palipovunjwa kijino pakazibwa selotepu, kuna kitu kimerekodiwa juu ya kingine, usiutupe mkanda kwa kuamini lebo. Anza na ule wenye watu waliokufa, na mwite mzee aliyebaki aje akutajie majina akiwa bado anayakumbuka. Mtafute fundi sasa, usingoje Idi ijayo. Deki hazitengenezwi tena.